Je, nipulize povu chini ya mabati ya nyumba yangu Mtwara?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Mtwara mjini. Kiwanjani kwangu kuna nyumba ya familia yenye dari ya jipsamu, fremu ya barabarani isiyo na dari ambayo nimeipangisha kwa duka la dawa muhimu lenye kiyoyozi, na kwa nyuma kuna stoo ninayoweka korosho wakati wa msimu. Vyote vimeezekwa kwa bati la geji 30, na mchana joto halivumiliki. Kijana mmoja anayeuza huduma ya kupuliza povu ameniambia kwamba akipuliza majengo yote matatu joto litapungua nusu, mabati yataacha kuvuja, na kazi hiyo itadumu maisha. Tunayo pia nyumba ya urithi ya mawe kule Mikindani, naye anasema kuta zake zinaweza kupulizwa vilevile. Nifuate ushauri wake?

Jibu: Mwalimu, shikamoo. Povu analokuuzia kijana huyo ni bidhaa nzuri, na pwani yetu ina majengo mengi ambayo yangefaidika nalo. Lakini majengo yako manne yana mahitaji manne tofauti, na anayekuambia kwamba dawa ni moja kwa yote hajayatazama. Kwa kifupi, ningeanza na fremu ya duka la dawa bila kusita. Nyumba ya familia ningeifanyia kwanza mambo mengine yenye gharama ndogo. Stoo ya korosho ningeipuliza kwa sharti moja zito nitakalolieleza. Nyumba ya Mikindani nakuomba usiiguse kabisa.

Povu hili hutokana na vimiminika viwili vinavyokuja katika mapipa mawili tofauti, kimoja cha isosayaneti na kingine cha mchanganyiko wa polioli. Mashine huvipasha moto, huvisukuma katika mipira miwili, na vinakutana kwenye mdomo wa bunduki ya kupulizia kwa ujazo ulio sawa. Vikishakutana huumuka na kuganda ndani ya sekunde chache. Kemia yenyewe si ngeni, kwa kuwa poliurethani, ambalo ndilo jina la kinachotokana na vimiminika hivyo, ilibuniwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake, na ndiyo hiyo iliyomo katika kuta za majokofu mengi. Yapo mapovu ya aina mbili, na hapa ndipo wateja wengi hupotezwa. Povu laini lina vitundu vilivyo wazi, lina uzito wa kilo 8 hivi kwa mita ya ujazo, na hunyonya maji kama sponji. Povu gumu lina vitundu vilivyofungika, lina uzito wa kilo 30 na zaidi kidogo kwa mita ya ujazo, halinyonyi maji, huzuia mvuke, na kwa unene uleule huzuia joto vizuri zaidi. Kwa mji ulio kando ya bahari, ambako hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, ninalolishauri chini ya bati ni povu gumu tu. Povu laini lina bei nafuu, na kwa sababu hiyo ndilo unaloweza kuletewa usipouliza.

Sasa tuliangalie joto lenyewe, kwa sababu bila kujua linakotoka hatutajua la kulifanya. Mtwara na Lindi ziko kwenye nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana hutukalia utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na tarehe 20 Februari. Siku hizo, na majuma mengi kabla na baada yake, miale hulipiga paa wima, na bati lililochakaa au lililoanza kutu huweza kufika nyuzi joto 65 hata kama hewa ya nje kivulini iko nyuzi 32. Bati hilo halipashi hewa ya chini yake peke yake. Linamulika joto moja kwa moja kuelekea chini, na ndiyo maana mtu aliyekaa chini ya bati tupu huhisi kichwa kinawaka hata feni ikizunguka: feni hupeperusha hewa, lakini haizuii mwale huo wa joto.

Fremu ya duka la dawa ndiyo inayoonyesha faida ya povu kwa uwazi zaidi. Tuseme paa lake lina mita za mraba 20, bati liko nyuzi 65, na mpangaji wako anajitahidi ndani pabaki nyuzi 25, kwa kuwa dawa nyingi zimeandikwa kwenye boksi kwamba zihifadhiwe chini ya nyuzi 25 au chini ya nyuzi 30. Kwa hesabu ya makadirio, bati tupu litaingiza joto la wati 4,700 hivi. Kiyoyozi cha BTU 12,000, ambacho ndicho cha kawaida katika fremu zetu, huondoa wati 3,500. Maana yake ni kwamba kinafanya kazi kutwa nzima bila kupumzika na bado paa linakishinda, kabla hata hatujahesabu mlango unaofunguliwa kila dakika, friji, taa na wateja. Pulizia milimita 25 za povu gumu, na joto lile la wati 4,700 hushuka hadi wati 700 hivi. Ongeza milimita nyingine 25, na hushuka hadi karibu wati 370. Tazama jinsi milimita za mwanzo zilivyofanya sehemu kubwa ya kazi na za pili zikaongeza kidogo. Hapo ndipo unapojua kwamba mtu anayekusisitizia unene wa milimita 100 anakuuzia povu tu. Kwa duka lenye kiyoyozi kinachowaka kutwa ningeweka milimita 50, kwa sababu umeme unaookolewa kila siku utailipa nyongeza hiyo, na umeme ukikatika chumba hukaa na ubaridi wake kwa muda mrefu zaidi.

Kuna faida nyingine katika fremu hiyo ambayo haihesabiwi kwa wati. Kati ya migongo ya bati na ukuta kuna matundu ambayo hewa ya nje, yenye joto na unyevu wa bahari, hupita usiku na mchana, na kiyoyozi hulazimika kuikausha hewa hiyo pamoja na kuipoza. Povu likiumuka hujaza matundu hayo yote, jambo ambalo pamba ya kuzuia joto au karatasi ya kung'aa haiwezi kulifanya kwa ukamilifu uleule. Vumbi hupungua, popo hukosa pa kupenya (mhakikishe tu kwamba wote wameshatoka kabla ya kuziba, maana popo aliyefia humo atawasumbua kwa harufu kwa wiki nzima). Uzito usikutie wasiwasi: milimita 50 za povu gumu hazifiki kilo 2 kwa mita ya mraba, na kenchi yoyote inayobeba bati itazibeba.

Nikija kwenye nyumba ya familia, nguvu ya hoja inapungua. Nyumba ya kukaa huku kwetu huishi madirisha wazi, upepo wa bahari unaingia mchana na kutoka usiku, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Hakuna kizuia joto chochote kinachoweza kukifanya chumba kilichofunguliwa madirisha kiwe na baridi kuliko hewa ya nje. Nje pakiwa na nyuzi 32, ndani patakuwa na nyuzi 32. Kwa hiyo ahadi ya kwamba joto litapungua nusu haina maana mpaka aseme ni joto gani analopima. Kinachopungua kwa kweli ni ule mwale wa joto unaotoka juu, na huo unaweza kuupunguza kwa njia mbili za bei ya chini ambazo ningependa uzijaribu kabla ya kumwita mtu wa povu.

Ya kwanza ni kuyapaka mabati rangi nyeupe ya mabati, mikono miwili, baada ya kuyasugua, kuyaosha chumvi na kuyapiga rangi ya msingi. Rangi nyeupe ikiwa mpya hurudisha angani hadi asilimia 80 hivi ya mwanga wa jua, kwa hiyo bati halipati nafasi ya kufika nyuzi 65. Vumbi na ukungu huipunguzia nguvu, hivyo ioshwe kila mwaka kabla ya jua la Oktoba. Ya pili ni kuipa dari yako pumzi. Panda ngazi uangalie kama mafundi waliacha matundu yenye wavu chini ya upenu na penye pembe za paa. Nyumba nyingi nilizokagua hazina hata tundu moja, na hewa ya moto iliyofungiwa kati ya bati na jipsamu hukaa huko hadi usiku wa manane ikiwapikia watoto waliolala chini yake. Ukiwa umefanya yote mawili na bado hujaridhika, au kama kelele za mvua juu ya bati zinakukosesha usikivu, basi milimita 25 za povu gumu chini ya bati zitakusaidia kweli, kwani povu hulishika bati lisitetemeke na mvua ya masika husikika kwa mbali. Dari yako ya jipsamu nayo itakuwa kinga dhidi ya moto, jambo ambalo fremu na stoo hazina.

Hapo kwenye moto ndipo ninapoomba utulie unisikilize kwa makini, Mwalimu. Povu la poliurethani huwaka. Hata lile lililotiwa dawa ya kupunguza kasi ya moto huwaka likipata moto wa kutosha, na moshi wake una monoksidi ya kaboni na sianidi ya haidrojeni, gesi ambazo humlegeza mtu kabla hajaufikia mlango. Kwa sababu hiyo povu halipaswi kuachwa wazi mahali ambapo watu wanakaa au mali inahifadhiwa. Katika fremu, funga chini yake dari ya jipsamu ya milimita 12 au zaidi, na gharama ya dari hiyo uihesabu tangu mwanzo kama sehemu ya kazi ya povu. Nyaya za umeme zote zipite ndani ya paipu kabla ya kupuliza. Waya uliozikwa katika povu haupoi, na hautauona ukianza kuchakaa.

Sasa stoo ya korosho. Faida ya povu huko ni ya aina nyingine kabisa. Usiku wenye anga safi bati hupoteza joto lake kuelekea angani na kuwa na baridi kuliko hewa iliyo chini yake. Hewa ya pwani yenye mvuke mwingi ikiligusa, mvuke hugeuka maji, na alfajiri bati linatoa jasho. Ingia stoo saa kumi na moja asubuhi ukiwa na tochi, uelekeze mwanga kwenye papi: utaona matone yamejipanga kwenye ukingo wa kila mgongo wa bati, na magunia ya safu ya juu yana madoa ya duara palepale yanapodondokea. Korosho ghafi inayoingia ghalani inatakiwa iwe na unyevu usiozidi asilimia 10 hivi, nawe umeianika kwa taabu hadi ikafika hapo. Jasho la bati linaurudisha unyevu huo usiku baada ya usiku, ukungu unaanza, na daraja linashuka. Povu gumu lililoshikana vizuri na bati hukata jambo hilo kabisa, kwa kuwa hewa yenye mvuke haiufikii tena ubaridi wa bati.

Lakini ganda la korosho lina mafuta mengi, na mafuta hayo yakishika moto huwaka kwa ukali. Kuweka povu lililo wazi juu ya shehena kama hiyo, katika jengo lenye mlango mmoja, ni hatari ambayo siwezi kuikubali kwa ajili ya faida yoyote. Sharti langu ni hili: ukipuliza stoo, povu lote lifunikwe kwa bodi ya jipsamu au bodi ya saruji, na pale ukutani ambapo panya hufika lifunikwe kwa bati bapa, kwa sababu panya hulitoboa povu na kuzalia ndani. Kama fedha za kufunika hazipo mwaka huu, usipulize. Weka chaga chini ya magunia, yaache nusu mita kutoka ukutani, fungua matundu ya hewa yenye wavu juu na chini, na tandika dari nyepesi chini ya papi ili matone yasiangukie gunia. Hilo litakuvusha msimu.

Kuhusu nyumba ya Mikindani jibu ni fupi. Kuta za mawe ya matumbawe zilizojengwa kwa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa, ndivyo zilivyoishi. Ukizivalisha povu gumu, maji yanayopanda kutoka ardhini pamoja na chumvi yake hayatakuwa na pa kutokea, chokaa itamomonyoka nyuma ya povu usikokuona, na boriti zitaoza penye ncha zilizoingia ukutani. Povu likishashika jiwe halitoki bila kung'oa uso wa jiwe. Tafuta fundi wa chokaa.

Dai la kwamba povu litazuia kuvuja nalikataa waziwazi. Povu linalopulizwa chini ya bati halizibi tundu la juu, linaficha maji. Msumari uliolegea utaendelea kupitisha maji, maji yatatambaa kati ya povu na papi, na wewe utajua siku papi itakapokuwa imeoza au mchwa watakapokuwa wamejenga. Mchwa hawali povu, lakini hutoboa njia ndani yake bila mtu kuwaona, kwa hiyo popote litakapopulizwa ukutani liachwe wazi sentimita 15 kutoka chini ili njia za mchwa zikaguliwe. Bati liwe zima kabla ya kupuliza: misumari iliyolegea ibadilishwe, kofia ya paa ikaguliwe, na bati lililotoboka kwa kutu litolewe, maana baada ya povu kulibadilisha bati moja ni kazi ya msumeno na patasi. Vilevile asikwambie mtu kwamba povu litalishikilia paa dhidi ya kimbunga. Wazee wa Lindi wanakumbuka kimbunga cha Aprili 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu ya kusini. Kinachozuia paa lisiondoke ni mikanda ya chuma inayofunga kenchi kwenye lenta, nayo inawekwa kabla ya yote haya.

Kuhusu kudumu maisha, povu gumu lililokingwa na jua na lililopulizwa vizuri hukaa miongo kadhaa. Likiachwa juani huwa la njano, kisha la kahawia, kisha unga, kwa hiyo lolote linalotokeza nje penye upenu lipakwe rangi. Zaidi ya hayo, udumu wake hutegemea siku ya kwanza kuliko kitu kingine chochote, na siku hiyo uwepo wewe mwenyewe au mtu unayemwamini. Kazi ifanyike katika miezi mikavu, kati ya Juni na Septemba, kabla jua halijatukalia utosini na kabla korosho hazijaanza kuingia stoo. Bati lisuguliwe kutu, lifutwe vumbi na mafuta, na fundi asianze alfajiri lingali na umande wala saa saba mchana linapounguza mkono. Kabla hajagusa paa lako mwambie apulize kipande cha plaiwudi, asubiri kipoe, kisha akikate kwa kisu mbele yako. Ndani pawe na rangi moja na vitundu vidogo vinavyofanana. Povu linalovunjika kama biskuti, au linalonata kidoleni na kutoa harufu ya samaki, limechanganywa kwa kipimo kisicho sawa, na halitapona likishapulizwa ukubwa wa paa zima. Asipulize zaidi ya milimita 50 kwa mkupuo mmoja, kwa sababu povu hujipasha moto linapoganda, na tabaka nene huweza kuungua kwa ndani. Unene upimwe kwa waya uliotiwa alama, kila baada ya mita chache, na malipo ya mwisho yafuate kipimo hicho.

Mwisho ni afya ya watu. Mvuke wa isosayaneti unaweza kumletea mtu pumu ambayo itamwandama maisha yake yote, na mwili ukishaikataa kemikali hiyo, kiasi kidogo tu kinatosha kumbana kifua. Fundi awe na vazi zima, miwani na kifaa cha kupumulia kinacholetewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Akija na barakoa ya kitambaa, mrudishe. Mpangaji wako ahamishe dawa zote na asirudi kabla ya saa 24 kupita huku madirisha yakiwa wazi, na wenye pumu katika familia yako wakae mbali zaidi ya muda huo, hadi harufu iishe kabisa. Kabla ya kulipa kianzio, mwombe kijana huyo akuandikie mambo manne kwenye karatasi moja: kama povu ni gumu au laini, uzito wake kwa mita ya ujazo, unene atakaoweka kila jengo, na nani atalipia bodi ya kulifunika. Kama hawezi kuyaandika, usimkabidhi hata fremu.